Viatu vya watoto wawili wa awali vilivyofunga zahanati ya kijiji chetu

Wakuu, za mihangaiko.

Leo sina swali wala siuzi kiwanja. Nina kisa. Yote nitakayoandika niliyaona kwa macho yangu, isipokuwa yaliyotokea nyuma ya mlango mmoja, na hayo niliyasikia tu. Shule sitaitaja, na majina nimeyabadilisha, maana wahusika wengine wamo humu na ni watu wangu.

Mimi ni mkazi wa Rungwe, kijiji kimoja cha upande wa Kisondela, huko ambako usipoona migomba ujue umefumba macho. Kazi yangu ni kupokea maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Saa kumi na mbili asubuhi nafungua, wafugaji wanaleta, napima, namimina kwenye keni, na kwenye saa tatu gari linapita kuchukua. Gari halisubiri mtu.

Nina binti anaitwa Bupe. Wakati huo alikuwa na miaka mitano, darasa la awali. Mama yake anauza ndizi sokoni Tukuyu na anaondoka kabla hakujapambazuka, kwa hiyo mambo ya shule yako mikononi mwa baba.

Haya, tuingie kwenye kisa.

Tuliletewa mwalimu mkuu mpya. Nitamwita Mwalimu Ntandu, mtu wa Singida. Mwembamba, suruali imenyooka pasi hata siku za matope, na saa yake ya mkononi haijawahi kukosea. Mtu wa maneno machache.

Kikao chake cha kwanza na wazazi alisema hivi: "Mimi mtoto wa awali simchapi. Mtoto wa miaka mitano hachapwi fimbo, na mwalimu atakayemchapa tutaonana."

Wakuu, watu tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha. Mnaojua shule tulizosoma sisi mtanielewa.

Kisha akaendelea. "Lakini nidhamu lazima iwepo. Kuanzia awali mpaka darasa la pili, mtoto akikosea anapewa karatasi. Kesho yake saa mbili kamili mzazi awe hapa. Mpaka nizungumze na mzazi, mtoto haingii darasani."

Akauliza nani anaunga mkono hoja.

Aliyenyoosha mkono ni mimi. Naomba mlikumbuke hilo mnaponisoma, msije mkadhani nalalamika kama mtu aliyeonewa.

Wiki mbili za kwanza mambo yalikuwa shwari. Ya tatu, karatasi zikaanza kutembea.

Kuchelewa, karatasi. Kusahau sweta, karatasi. Kuongea wakati mwalimu anaongea, karatasi. Kuna mtoto aliandikiwa kosa la "kulia bila sababu". Mzazi wake alinionyesha ile karatasi, siwatanii.

Shida ya pili ni kwamba walimu ni wachache. Mwalimu Ntandu mwenyewe alikuwa anafundisha hesabu darasa la saba kuanzia saa mbili mpaka saa nne. Kwa hiyo mzazi unaitwa saa mbili kamili, unafika saa mbili kamili, halafu unakaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka saa nne. Mtoto wako naye amekaa pembeni yako anabembeza miguu. Ikifika saa nne unaingia, dakika tano, umetoka.

Lile benchi likawa maarufu. Ikafika mahali ukimtafuta mtu kijijini, unaanzia benchi. Fundi wa bomba aliitwa mara mbili kwa wiki moja, mtaa wa juu ukakaa bila maji, na wenye ndoo wakamfuata hapo hapo shuleni kumuuliza. Mtendaji wa kijiji ana mtoto darasa la pili, mchokozi kweli kweli. Siku akiitwa, wananchi wanamletea barua zao na anazigongea mhuri gotini, na mama mmoja akaanza kuleta maandazi.

Tulikuwa tunacheka, nakiri. Ilikuwa kama kijiwe.

Naomba nichepuke kidogo, maana hili nalo nilijifunzia pale benchi.

Kuna bibi mmoja, Bibi Atuganile, anaishi ng'ambo ya kijito, analea mjukuu wake wa awali. Aliitwa kwa sababu mjukuu ni mkaidi. Anaambiwa simama, amekaa. Anaambiwa leta daftari, anamwangalia tu mwalimu. Bibi alikuja na fimbo yake ya kutembelea, akapanda ule mlima, akakaa benchi saa mbili nzima. Alipoingia ofisini mlango ulibaki wazi na sote tulisikia. Alimuuliza mjukuu kitu kwa Kinyakyusa, mtoto akajibu vizuri tu. Bibi akamgeukia mwalimu:

"Mwalimu, haka katoto masikio kanayo. Kiswahili ndo hakana."

Mwalimu Ntandu alichukua kalamu. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akamshukuru bibi, akamsindikiza mpaka getini. Lakini sheria ikabaki ile ile.

Sasa zamu yangu.

Karatasi ya kwanza ya Bupe ilisema "kutoka darasani bila ruhusa". Nilimuuliza alikwenda wapi. Akasema ndama wa mtu alikuwa ameingia uwanjani peke yake bila mama yake, kwa hiyo akaenda kumtuliza.

Ningefanya nini? Asubuhi nikamwachia kituo jirani yangu Ambakisye. Ambakisye ni mtu mwema sana, ila kupima maziwa si kazi yake. Maziwa ya mtu mmoja yalikuwa yameanza kuchacha, yeye hakunusa wala hakuonja, akamimina yote kwenye keni na ya wenzake. Gari lilipofika, dereva akafungua keni, akasogeza pua, akafunga. Akaondoka bila tone.

Mimi wakati huo niko benchi. Niliambiwa kwamba binti yangu anawapenda ng'ombe kuliko herufi. Dakika tano.

Kijiji kizima tulikunywa mtindi siku tatu. Watoto walifurahi. Wenye ng'ombe hawakufurahi. Mzee mmoja alikuja kituoni, akanitazama, akasema taratibu, "Baba Bupe, ng'ombe wangu hajawahi kusoma shule. Mbona anaadhibiwa?"

Nilicheka na yeye akacheka, lakini usingizi wa siku hiyo haukuwa mzuri. Nikajiambia nitaongea na mwalimu. Kisha nikakumbuka nani aliunga mkono hoja. Nikanyamaza.

Zikapita kama wiki tatu hivi. Jioni moja Bupe karudi nyumbani anatembea kwa maringo. Naangalia chini: mguu wa kulia kiatu chake chenye ua, mguu wa kushoto kiatu cheusi cha kiume kinachong'aa kama kimepakwa mafuta. Mkononi karatasi.

"Kosa: viatu visivyofanana. Mzazi afike."

Kabla sijauliza, simu ikaita. Alikuwa Nesi Zuhura, nesi mkunga wa zahanati yetu. Mumewe ana duka la vitambaa Tukuyu, yeye anaishi hapa kijijini na mtoto wao Shabani, ambaye anasoma awali pamoja na Bupe na wanakaa dawati moja.

"Baba Bupe, huyo mwanao ana kiatu changu?"

"Anacho. Na wako ana changu?"

"Anacho, na amekataa kukivua."

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Alipomaliza kucheka sauti ikabadilika. Akasema kesho mganga wa zahanati anakwenda mjini kufuata dawa, yeye atabaki peke yake. Nikamwambia aombe apangiwe siku nyingine.

"Nimeshampigia mwalimu. Ameniambia akimpa nesi nafasi, mkulima atasema sheria ni ya wanyonge. Na kusema kweli, hapo ana hoja."

Ndiyo hivyo, wakuu. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anataka watu wote wawe sawa.

Asubuhi yake ilikuwa na ukungu na manyunyu, ile hali ya kwetu ambayo mvua hainyeshi ila unalowa tu. Safari hii maziwa nilimwachia mke wangu, akaacha soko lake siku hiyo. Nikafika benchi saa mbili kasoro. Nikamkuta Nesi Zuhura ameshakaa, sare nyeupe chini ya sweta, Shabani na Bupe wamekaa katikati yetu wanaoneshana miguu. Mtendaji naye alikuwepo, kama kawaida yake, na Bibi Atuganile ambaye mjukuu wake alikuwa amepewa karatasi nyingine.

Nesi akaniambia ameacha karatasi mlangoni mwa zahanati: NIPO SHULENI. NESI.

Kwenye saa tatu tukasikia pikipiki inapanda mlima kwa shida, injini inalia. Alikuwa Gwakisa, kijana wa bodaboda. Katikati amembeba Mama Lusajo, mjamzito, kichwa ameegemeza mgongoni kwa Gwakisa. Nyuma kabisa kakaa mkwe wake, mama mtu mzima, amekumbatia furushi la kanga na huku amemshikilia mgonjwa.

Gwakisa hata hakuzima pikipiki. "Nesi! Tumetoka zahanati, tumekuta karatasi. Huyu hali mbaya!"

Nesi Zuhura alikuwa ameshasimama. Akamshika Mama Lusajo tumbo pale pale juu ya pikipiki.

"Uchungu umeanza saa ngapi?"

"Alfajiri," alijibu mkwe.

"Huyu ni wa ngapi?"

"Wa nne."

Nesi akageuka akaangalia ule mlima wenye utelezi waliotoka kuupanda. Akasema kwa sauti ya chini, kama anaongea na nafsi yake, "Huyu hatufiki naye zahanati."

Mtendaji akakimbia darasa la saba. Mwalimu Ntandu akatoka na chaki mkononi. Nilidhani atauliza maswali. Nesi akamwambia, "Mwalimu, naiomba ofisi yako." Mwalimu alimwangalia Mama Lusajo mara moja tu, akatoa ufunguo. Kisha yeye na mtendaji wakaibeba meza nje, mafaili wakayapanga ukutani barazani, Bibi Atuganile akatandika kanga zote zilizokuwepo, pamoja na aliyokuwa amejifunga mabegani.

Nesi akanigeukia mimi. Akanipa funguo za zahanati.

"Chumba cha kujifungulia, kabati la kushoto, kuna sanduku la bluu. Halafu friji, rafu ya juu, kuna kiboksi kidogo cha vichupa vya sindano ya kuzuia damu. Lete vyote. Usisome, wewe leta."

Nikarukia nyuma ya Gwakisa.

Sijawahi kuwa mtu wa pikipiki. Ule mteremko tuliushuka nusu tunaendesha, nusu tunateleza. Kwenye kona ya mto tukaanguka wazi wazi, mimi upande wangu, Gwakisa upande wake, pikipiki katikati. Hakuna aliyeumia. Gwakisa aliinyanyua akasema, "Panda, braza, tutajipangusa baadaye." Tukaendelea.

Pale zahanati ndipo moyo uliponishuka.

Barazani kulikuwa na watu wamejaa. Akina mama na watoto wa kliniki wamefunikwa kanga, mzee mmoja mguu umefungwa kitambaa anasubiri kubadilishiwa kidonda, dada mmoja ameegemea nguzo anatetemeka na homa. Wote wanatazama mlango wenye karatasi. Waliponiona na funguo wakasimama, wakidhani nimekuja kuwafungulia.

"Nesi yuko wapi?" mzee akaniuliza.

"Yuko shule, anazalisha."

"Anazalisha shule?"

Sikuwa na muda wa kueleza. Nikafungua, nikachukua sanduku, nikachukua kiboksi nikakitia mfuko wa koti, nikafunga. Nilipopanda pikipiki nikasikia yule mzee anawaambia wenzake, "Kama nesi yuko shule, basi na sisi twendeni shule." Wakaanza kupanda mlima kwa miguu.

Tuliporudi niliona kitu ambacho sitakisahau. Dirisha la ofisi lina kioo kilichovunjika. Mwalimu Ntandu na mtendaji wa kijiji wamesimama nje ya dirisha, wameshika kanga huku na huku kuziba pale palipovunjika, wamegeuza migongo, na wote wawili wamefumba macho kabisa. Kanga imeandikwa mambo ya majirani wenye wivu. Suruali ya mwalimu imelowa matope mpaka magotini.

Mkwe alitokeza mkono mlangoni, nikampa sanduku la bluu, mlango ukafungwa.

Darasa la awali ni mlango wa pili kutoka ofisini. Madam Neema, mwalimu wao, alikuwa anawaimbisha kwa nguvu zote ili wasisikie. Wanahesabu kwa wimbo, moja mpaka kumi, wakimaliza wanaanza upya. Huku ndani namsikia Nesi Zuhura: "Vizuri mama. Pumua. Sasa tena." Huku nje, nne, tano, sita. Nilijikuta na mimi nahesabu nao.

Kisha ndani kukawa kimya.

Hata Madam Neema alisimamisha wimbo.

Halafu mtoto akalia.

Alilia kwa sauti kubwa, ya mtu mwenye madai. Na kabla yeyote kati yetu hajasema kitu, kutoka darasa la awali ikasikika sauti ndogo imejaa wasiwasi: "Madam, nani kachapwa?"

Benchi zima tulilipuka kwa kicheko. Mtendaji alicheka mpaka akaachia upande wake wa kanga, akakumbuka, akaudaka huku macho bado kafumba.

Ghafla sauti ya Nesi ikatoka ndani, na haikuwa ya kucheka.

"Baba Bupe! Kiboksi cha friji kiko wapi?"

Nikashika mfuko wa koti. Kilikuwa humo humo. Nilikuwa nimesahau kukitoa.

Nilikipitisha mlangoni haraka. Nikasikia mkwe anasema kitu kuhusu damu. Sitaki kukuza mambo, ila dakika zilizofuata ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa. Mwalimu Ntandu alimwachia mtendaji kanga, akaja kusimama kando yangu. Midomo yake ilikuwa inachezacheza bila sauti. Sijui alikuwa anaomba kwa maneno gani, ila alikuwa anaomba. Chaki ilikuwa bado mkononi, ameiminya mpaka imekuwa unga.

Mlango ukafunguka. Nesi Zuhura alisimama pale sweta amelivua, nywele zimetoka kwenye mtandio, amechoka.

"Damu imekata. Mama mzima, mtoto mzima. Ni wa kike."

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilisikika Tukuyu mjini. Madarasa yote yalitoka. Bibi Atuganile alikuwa anazunguka uwanjani na fimbo yake juu, "Ndaga fijo! Ndaga fijo!" yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na watoto wanamfuata nyuma kwa mstari kama wanaandamana. Hapo hapo wale wagonjwa wa zahanati wakaanza kutokea getini mmoja mmoja, wanahema, mzee mwenye kidonda amebebwa na Gwakisa aliyekuwa amerudi kumfuata katikati ya mlima.

Akatokea mnunuzi wa parachichi na pikapu yake, akakubali kumshusha Mama Lusajo zahanati akipumzika kidogo. Tukawa tunasubiri.

Nesi Zuhura alinawa mikono bombani. Akarudi, akakaa kwenye benchi pale pale alipokuwa amekaa asubuhi, Shabani pembeni yake. Akasema kwa adabu kabisa, wala hakuwa na kejeli:

"Mwalimu, kabla sijaondoka na mgonjwa wangu, nisomee kosa la mwanangu, nisije nikaitwa tena."

Mwalimu Ntandu akalitafuta daftari kwenye yale mafaili barazani. Akalifungua. Akapata ukurasa. Akasoma kimya kimya, akainua macho. Mbele yake kulikuwa na mtendaji, mimi niliyejaa matope, mzee wa kidonda, yule dada wa homa ameketi chini, akina mama na watoto migongoni, na nesi wa kijiji kizima.

Akafungua mdomo, akaufunga. Akalifunga na daftari.

"Nesi, nimeona aibu kulisoma."

Halafu akacheka. Hakuna aliyewahi kumwona anacheka. Alicheka akiwa ameshika kichwa, na machozi juu, sijui machozi yapi yalikuwa ya kicheko na yapi ya ile hofu.

Akachuchumaa mbele ya watoto wawili. "Hebu niambieni. Mlibadilishana viatu kwa nini?"

Shabani alimwangalia Bupe. Bupe, ambaye hajui kuogopa mtu, akajibu, "Chake kinang'aa. Changu kina ua. Sasa kila mtu ana kinachong'aa na ana ua."

Mwalimu akafikiri. "Basi sawa," akasema. "Ingieni darasani."

Ijumaa ya wiki hiyo akaitisha kikao, saa kumi jioni. Watu walijaa kuliko siku ya kwanza.

Hakujitetea. Alisema, "Nilipoweka sheria nilimwangalia mtoto na mzazi wake. Sikuona kwamba nyuma ya kila mzazi ninayemweka pale benchi kuna watu wanaomsubiri. Yule mama angepotea, ningeishi na nini?"

Kisha baba mmoja nyuma akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, tunarudi kwenye fimbo?"

"Hapana. Kwa hawa wadogo, fimbo hairudi."

Hapo mjadala ukawaka. Wapo waliosema watoto watadeka, tunalea wahuni. Wapo waliosema ni bora viboko viwili kuliko asubuhi nzima kupotea, na makofi yao hayakuwa machache. Mimi nilisimama nikasema ukweli kwamba hoja ya karatasi niliiunga mkono mimi, na kwamba nilinyamaza hata baada ya maziwa kuharibika, kwa hiyo lawama nusu ni zangu. Nilizomewa kidogo. Nilistahili.

Nesi Zuhura akatoa wazo la daftari dogo. Mtoto akikosea, mwalimu anamalizana naye darasani, anaandika mstari mmoja, mzazi anasoma nyumbani na kusaini. Kosa likiwa zito ndiyo mzazi anaitwa, tena mchana, baada ya kazi za asubuhi. Bibi Atuganile akasimama akasema yeye kusoma hajui, lakini kukaa anajua, na kama mwalimu ataruhusu atakuja kukaa na watoto wa awali siku mbili kwa wiki, wale wasiojua Kiswahili awaambie mwalimu anasema nini.

Tukapitisha yote mawili.

Si kwamba kumekuwa peponi. Mtoto wa mtendaji bado ni mchokozi, na baba yake bado anaitwa, ila saa tisa alasiri. Daftari zingine zinarudi bila saini. Kuna mwalimu mmoja bado anaamini tumeharibu shule. Lakini bibi sasa ana wenzake wawili wanaopokezana. Madam Neema anasema wale "wakaidi" wengi waliisha ndani ya mwezi, walikuwa tu hawaelewi wanachoambiwa.

Najua mtaniuliza kuhusu mtoto aliyezaliwa. Yupo, ana afya, mashavu kama maandazi. Kila mtu alidhani ataitwa jina la mwalimu au la nesi. Mama Lusajo akasema yeye jina alishaliandaa kabla hajapanda pikipiki, na hakuna ofisi itakayombadilishia. Anaitwa Tusajigwe, yaani tumebarikiwa.

Somo nililolipata mimi ni hili. Sheria ya kumlea mtoto mdogo tunaipitisha haraka tukidhani gharama yake inabaki kwa mtoto na mzazi wake. Haibaki hapo. Inakwenda kwenye foleni ya zahanati, kwenye bomba, kwenye keni ya jirani. Na kingine: ukiunga mkono jambo halafu ukaona linaharibu, usinyamaze kwa sababu mkono ulionyooshwa ulikuwa wako. Hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kusema.

Bupe sasa yuko darasa la kwanza. Jana alileta daftari. Mwalimu wake ameandika: "Bupe ameng'oka jino wakati wa kusoma. Hakulia. Amewaonyesha wenzake wote. Jino lipo ndani ya bahasha, mzazi asaini kupokea."

Nimesaini.

Haya, uwanja ni wenu. Walimu wa awali na la kwanza mliomo humu, mnafanyaje mtoto wa miaka mitano akikukorofisha na fimbo hutaki? Na wazazi, kwenu huko mtoto akikosea, nani analipa? Nawasoma mmoja mmoja nikitoka kwenye maziwa.